Namna ya Kunyeshewa Paka na Mbwa Bila Kulowa

Mwongozo huu ni wa mtu anayetua Heathrow akiwa na viza, koti zito la mtumba kutoka Gikomba au Karume, na nahau za Kiingereza alizokaririshwa tangu darasa la tano. Viza utaihitaji. Koti utalihitaji zaidi. Zile nahau zikabidhi forodhani pamoja na samli ya bibi: samli hairuhusiwi kuingia, na nahau zimepitwa na muda.

Onyo hili linamhusu zaidi Mkenya. Kuanzia 1985 hadi 2023 mtoto wa Kenya alimaliza shule ya msingi kwa mtihani wa KCPE, na ndani ya mtihani huo mlikuwa na insha ya Kiingereza. Insha nzuri ilikuwa na masharti yake. Jua lichomoze likitabasamu, mvua inyeshe paka na mbwa, mwizi aonyeshe jozi safi ya visigino, na mama, akisikia habari njema, awe juu ya mwezi. Mtoto huyohuyo aligeukia insha ya Kiswahili akachana mbuga, akatifua vumbi, akabaki kinywa wazi. Mwalimu alipigia mstari kila pambo kwa kalamu nyekundu na kuongeza alama. Hakuna aliyemdokeza mtoto kwamba London hakuna kalamu nyekundu, na kwamba Mwingereza aliyesimama kituo cha basi, maji yakimtiririka puani, atakwambia tu kwamba leo kuna unyevu kidogo.

Tuanze na mvua hiyo. London hupata takriban milimita 600 za mvua kwa mwaka. Dar es Salaam hupita 1,000 bila kujigamba. Mvua ya London ni manyunyu yanayoanza Jumatatu na kusahau kuacha. Sasa hao paka na mbwa walianguka kutoka wapi? Utasimuliwa na mtu mwenye uhakika mwingi kwamba zamani wanyama walilala juu ya mapaa ya nyasi, na mvua ikizidi waliteleza wakadondoka. Usimbishie, wala usimwamini. Ngano hiyo imelelewa na intaneti. Ushahidi bora unao kwa Jonathan Swift. Mwaka 1710 aliandika shairi kuhusu mvua ya jiji la London, na mwishoni mitaro inashuka na watoto wa mbwa waliozama, paka waliokufa na mabaki ya sokoni. Mtu wa Jangwani au Mathare hahitaji kuelezwa zaidi ya hapo. Mwaka 1738 Swift huyohuyo aliitia nahau yenyewe katika kitabu cha kuwakejeli mabwana na mabibi waliozoea kuzungumza kwa misemo iliyochakaa. Yaani lile pambo lililokupatia alama darasani lilikuwa kichekesho karibu miaka mia tatu iliyopita.

Mkazi wa London ana nahau za aina mbili. Za kwanza zina wanyama, ndoo na miezi. Hizo hazina madhara, na yeye mwenyewe huona haya kuzitumia mbele za watu. Za pili hazina pambo lolote. Zimevaa kiraia. Utazitafuta kwenye kamusi, utazipata, utalala umeridhika, na asubuhi utagundua umeachishwa kazi.

Chukua "quite good". Bosi amesoma ripoti yako, ameinua macho, amesema hivyo. Mmarekani angepiga simu nyumbani kushangilia. Wewe rudi kwenye kiti chako uiandike upya. "Interesting" maana yake hajapata kuona upuuzi wa namna hii. "Brave" ni upuuzi huohuo ukifanyika mbele ya watu: katika Yes Minister, tamthilia ya kuchekesha ya BBC iliyoanza mwaka 1980, katibu mkuu mjanja hakuwa na njia ya haraka ya kumtia waziri wake kijasho kuliko kumwambia kwamba uamuzi wake ni wa kijasiri. "Kwa heshima zote" hufungua mlango ili tusi lipite. "Nasikia unachosema" maana yake amekwisha kusikiliza. Na "not bad", si mbaya, ndiyo kilele cha sifa. Ukiambiwa hivyo na mkwe wako wa Kiingereza, andika tarehe.

Usidhani haya ni mambo ya ofisini tu. Aprili 1951, kwenye mto Imjin huko Korea, kikosi cha Gloucestershire kilikuwa kinazingirwa na Wachina wasiohesabika. Inasimuliwa kwamba Brigedia Tom Brodie, alipoulizwa na jenerali wa Kimarekani hali ikoje, alijibu kwamba mambo yananata kidogo. Mwingereza mwenzake angeelewa kwamba huyo ni mtu anayeandika wasia. Mmarekani alisikia "kidogo", akaona hakuna haraka. Sehemu kubwa ya kikosi iliuawa au ikatekwa.

Kwa hiyo ukiwa na shangazi East Ham, mpelekee yeye maneno ya wenyeji kabla hujayafanyia kazi.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Wale wa kazi wamekujibu?"

"Wamejibu, shangazi. Wamesema nimewavutia sana, ila safari hii haikuwezekana. Jina langu wameliweka kwenye faili."

"Haya. Kunywa chai kwanza, kesho tutafute pengine."

"Lakini shangazi, wamesema wataniita nafasi ikitokea."

"Mwanangu, ndani ya faili hilo kuna watu tangu mimi nije."

Shangazi hakusomea haya popote. Ni mtu wa Ng'ambo, Zanzibar, amekulia kwenye kanga. Alipokuwa msichana aliweza kutukanwa na jirani asubuhi nzima bila jirani kufungua mdomo, kwa leso tu iliyoanikwa upande unaoonekana. Fundi cherehani alimwambia nguo itakuwa tayari kesho inshallah, naye akajua kwa jinsi "inshallah" ilivyovutwa kama ni kesho ya kweli au ni kesho ya baada ya Idi. Mtu wa namna hiyo hapotezwi na "quite good". Wanaoumia London ni watu wanyoofu: Mjerumani, Mholanzi, na wenzetu wa bara ambao ndiyo yao ni ndiyo. Pwani tulijifunza Kiingereza hiki zamani, ila tulikisoma kwa Kiswahili.

Mtihani mzuri wa kujipima ni mwaliko. Mwingereza mliyezungumza naye vizuri kwa nusu saa ataagana nawe akisema lazima uje kwao siku moja mle chakula cha jioni. Neno "lazima" lisikutetemeshe. Usitoe kalenda. Mwaliko wa kweli wa London una tarehe, saa na namba ya nyumba, hufika wiki tatu kabla, na hukuuliza kama kuna chakula usichokula. Usio na hivyo ni salamu. Ukipita barazani Lamu wakati wa chakula utaitwa "Karibu tule!" na kila mtu, hadi mtoto anayelamba vidole, anajua kwamba jibu ni "Ahsanteni, nimeshakula". Mgeni tu ndiye huvua viatu. London nako, anayetoa kalenda ndiye mgeni.

Kuna nahau moja utakayolazimika kuilipia, nayo ni ya usafiri. Kadi ya mabasi na treni za chini ya ardhi iliyoanza mwaka 2003 inaitwa Oyster, yaani chaza, na mojawapo ya sababu za kuchagua jina hilo ni msemo wa Kiingereza kwamba dunia ni chaza wako: ifungue, lulu imo. Msemo huo huandikwa kwenye kadi za kuwapongeza wahitimu. Hao wahitimu hawaambiwi ulikotoka. Umo katika The Merry Wives of Windsor ya Shakespeare, kinywani mwa mhuni aitwaye Pistol. Amekwenda kukopa kwa bwana wake Falstaff, amenyimwa hata senti, naye anajibu kwamba basi dunia itakuwa chaza wake na ataifungua kwa upanga. Hilo ni tishio la ujambazi. Basi unapogusisha kadi yako na mashine ikalia, na salio likashuka, ujue nahau inatumika kwa maana yake ya asili, isipokuwa aliyeshika upanga si wewe. Na usije na sarafu. Mabasi ya London yaliacha kupokea pesa taslimu Julai 2014. Mtu wa Dar hatashangaa sana. Amezoea Oysterbay, mtaa ambamo dunia kweli ni chaza wa mtu, ila si wa kwake.

Ukitaka kumnyamazisha mwenyeji anayejivunia Shakespeare wake, mkumbushe kwamba mwaka 2012, ukumbi wa Globe ulipoalika tamthilia 37 kwa lugha 37, hiyo hiyo The Merry Wives of Windsor ilichezwa kwa Kiswahili na kundi lililotoka Nairobi, ikiitwa Wanawake wa Heri wa Winsa, na Falstaff alikuwa Mrisho Mpoto. Pistol alinyimwa mkopo wake ukingoni mwa Thames na Mtanzania. Ongeza, kwa sauti ya chini, kwamba rais wa kwanza wa Tanzania, Julius Nyerere, alitafsiri mbili nyingine. Kutoka Juliasi Kaizari, iliyotafsiriwa kwanza mwaka 1963, wao wanapata ile nahau ya kusema "kwangu hicho ni Kigiriki" wasipoelewa kitu. Kutoka Mabepari wa Venisi, ya mwaka 1969, wanapata pauni ya nyama, ambayo ni deni linalodaiwa bila huruma. Hiyo ya pili utaihitaji siku ya kurudishiwa amana na mwenye nyumba. Atakukata kwa msumari uliotoboa ukuta, kwa zulia, kwa jiko ambalo hukuliacha ling'ae. Usiseme neno lolote kuhusu nyama. Mwandikie barua inayoanza "Kwa heshima zote".

Sasa tufike kwa mjomba.

Mwingereza akimaliza kukueleza jambo rahisi, geuza funguo, bonyeza hapa, vuta kidogo, humalizia kwa kukutangazia kwamba Bob ni mjomba wako. Maana yake basi, imekwisha, kazi imefanyika. Usimjibu kwamba mjomba wako anaitwa Juma na yuko Tanga. Simulizi maarufu linasema Bob huyo ni Robert Gascoyne-Cecil, Lord Salisbury, waziri mkuu, ambaye mwaka 1887 alimkabidhi Arthur Balfour wizara ya mambo ya Ireland. Watu waliuliza kijana huyu amepitia wapi, na jibu likawa fupi: Balfour ni mtoto wa dada yake waziri mkuu. Waingereza wenyewe, wenye neno moja la kumtaja ami, mjomba, mume wa shangazi na rafiki wa baba mwenye gari, hawaoni utamu wa habari hii. Sisi tunauona. Huyu alikuwa mjomba halisi, wa tumboni, na tunajua mjomba ana wajibu gani.

Wachunguzi wa lugha wana mashaka, kwa sababu nahau hiyo haionekani kwenye maandishi hadi miaka ya 1920, Salisbury akiwa kaburini siku nyingi. Mimi nalishikilia simulizi, na sababu zangu ni za kipwani: huyu Bob tunamjua. Tarehe 1 Julai 1890 serikali yake ilitia saini mkataba na Wajerumani. Uingereza ikaachia kisiwa cha Heligoland, mwamba mdogo kwenye Bahari ya Kaskazini, na Wajerumani wakakubali Zanzibar iwe chini ya ulinzi wa Waingereza. Wazanzibari waliamka asubuhi wakakuta Bob ni mjomba wao. Wakati huo mji mkuu wa Zimbabwe ya leo nao ulikuwa njiani kuitwa Salisbury, kwa heshima ya mjomba huyohuyo. Mpwa hakuachwa nyuma. Alirithi kiti cha mjomba mwaka 1902, na mwaka uliofuata serikali yake ikaona hakuna ubaya kuwapendekezea Wazayuni ardhi ya uwanda wa Uasin Gishu, huku Kenya, bila kumuuliza Mnandi wala Mmaasai. Mradi ukaitwa wa Uganda, kwa kuwa ramani nazo zilikuwa za mjomba. Wazayuni waliukataa mwaka 1905, na hapo ndipo Wakalenjin walipookolewa na watu wasiowajua.

Hivyo fundi bomba akikwambia kwamba Bob ni mjomba wako, tabasamu. Mwambie unafahamu, familia zetu zilikutana zamani.

Mambo ya Mashariki ya London yanataka mwalimu wake. Desturi inasema Cockney wa kweli ni aliyezaliwa mahali zinaposikika kengele za kanisa la St Mary-le-Bow, Cheapside, na watu hawa walibuni namna ya kusema ambayo askari na wenye maduka wasingeielewa. Unachukua neno, unalitafutia fungu la maneno linaloishia kwa kina chake, kisha, ili kuwachanganya kabisa walio nje, unaweza kulitupa lile neno lenye kina. Maelezo haya hayamsaidii mtu, kwa hiyo tufanye kwa lugha yetu. Ngazi hulingana kina na nazi. Fungu: tui la nazi. Tupa nazi. Sasa sema: "Nyumba yangu iko ghorofa ya nne, nimechoka kupanda tui." Simu hulingana na ndimu. Fungu: chumvi na ndimu. Tupa ndimu. "Nipigie chumvi jioni." Umeshakuwa Cockney. Wao ngazi zao ni matofaa na mapea, na simu yao ni mbwa na mfupa, ambayo kwa maoni yangu inazidiwa na chumvi. Watoto wa Mombasa wenye kinyume chao, wanaogeuza maji kuwa jima mzazi akipita, na vijana wa Eastlands, Nairobi, wenye Sheng inayobadilika kila muhula, watakuwa wenyeji East End ndani ya wiki moja.

Isipokuwa East End yenyewe imehama. Ukienda Newham, Hackney au Tottenham leo ukauliza kuhusu mbwa na mfupa, utaonyeshwa duka la vyakula vya mifugo. Vijana wa huko, watoto wa Wajamaika, Wabangladeshi, Wasomali, Wakongo na wetu pia, wana Kiingereza chao ambacho Ujamaika umekikolea kuliko utaifa wowote mwingine. Humo kitu kigonjwa ni kizuri, kitu kirefu ni kinachochosha, na kilele ni balaa. Mtoto wako akikwambia kwamba kwenda kwa shangazi ni kurefu, hazungumzii umbali. Usijaribu kumjibu kwa lugha hiyo. Mzazi akiitumia, kundi zima hulazimika kuibadilisha, na utakuwa umewasumbua watu wengi.

Nahau za kifo zipite haraka. Kupiga teke ndoo ni kufa, lakini ni kufa kwa mzaha, sawa na kwetu mtu anaposema fulani "amevuta". Kuna waombolezaji wema kutoka kwetu walioitia katika kadi za rambirambi wakidhani ni lugha ya adabu, kwa sababu kitabu cha shule kiliiweka jirani na "kuaga dunia". Kwenye msiba sema pole. Kama kuna ndovu sebuleni, yaani jambo kubwa ambalo kila mtu analiona na hakuna anayelitaja, usilitaje wewe. Mtu wa Voi au Mikumi amefundishwa tangu utotoni kupiga kelele akimwona ndovu, na London tabia hiyo haifai.

Ukiambiwa ofisi iko "sita na saba", usiangalie saa. Najua: kwetu hiyo ni mchana, kati ya adhuhuri na chakula, wakati ambapo ni kweli hakuna kinachoendelea ofisini, kwa hiyo tafsiri yako si mbovu. Wao wanamaanisha mvurugano. Mwenyeji wa London atakutajia vyama viwili vya kale vya mafundi wa jiji, washonaji na wauza manyoya, waliogombania nafasi ya sita kwenye maandamano ya jiji hadi damu ikamwagika, na mwaka 1484 meya, Robert Billesden, akaamua wapokezane: mwaka huu huyu wa sita, yule wa saba, mwakani wabadilishane. Uamuzi huo ni wa kweli na unafuatwa hadi leo. Bahati mbaya Chaucer alikuwa ameshautumia msemo wa namna hiyo miaka mia moja kabla, kutokana na mchezo wa dadu. Lakini napenda sana kwamba watu walipigana kwa ajili ya kuwa wa sita. Kwetu wanaogombana ni wa kwanza na wa pili.

Chai ina mtego wake. Mwingereza akisema jambo fulani si kikombe chake cha chai, hakatai chai, anakataa jambo. Wewe usiige. Kwa Mkenya chai ni kile anachopewa askari wa barabarani, kwa kijana wa Dar chai ni stori ya uongo, na kwa hiyo ukisema kwamba siasa si chai yako, shangazi atakuelewa kwa namna mbili na zote zitakuharibia jina. Pia Mwingereza akiapa kwamba hafanyi jambo hata akipewa chai yote ya Uchina, mrekebishe kwa upole. Mnada wa chai wa London, uliodumu zaidi ya karne tatu, ulifungwa Juni 1998. Wa Mombasa unaendelea kila wiki, na sehemu kubwa ya chai anayokunywa yeye huchumwa Kericho na jirani zake. Uchina iliingizwaje hapo? Aape kwa Kericho, tujue kwamba yuko makini.

Naona nimewaonea wenyeji, na haki ni kusema kwamba sisi nasi tumevuna kwao bila kupepeta. Washa redio ya Dar saa mbili asubuhi: mgeni wa kipindi, hajamaliza hata chai ya rangi, atasema "mwisho wa siku" mara nyingi kuliko atakavyopumua. Siku ndiyo kwanza imeanza. Kwenye semina tunahimizwa kufikiri nje ya boksi na watu ambao hawajawahi kutuonyesha boksi. Moja tu ndiyo tuliyoipata kwa halali. Septemba 2004, pale Stamford Bridge, Chelsea walitoka sare ya bila kufungana na Tottenham, na José Mourinho akalalamika kwamba wageni walileta basi wakaliegesha mbele ya goli, kama wasemavyo kwao Ureno. Waingereza wakalichukua basi la Mreno, na kabla halijapoa likawa Kariakoo na Kisumu. Leo kila kibanda umiza kuna bingwa wa kukueleza nani kapaki basi. Basi hilo lina maana kwetu kuliko kwao, maana sisi ndio tunaojua basi lililoegeshwa barabarani linazuia watu kiasi gani.

Ukija kuomba uraia utafanya mtihani wa maswali 24 ndani ya dakika 45, na huenda ukaulizwa Henry VIII alioa wake wangapi. Hutaulizwa maana ya "not bad". Serikali inajua kwamba swali hilo lingewafelisha wengi, wakiwemo waliozaliwa hapo.

Baada ya muda nahau zitaanza kukujia mdomoni bila kuitwa. Zizuie. Mgeni akitumia nahau ya Kiingereza sawasawa, wenyeji humpongeza, na ukipongezwa kwa kuongea ujue umeonekana. Akiikosea kidogo, watasema imependeza hivyohivyo, nao watairudia kwenye sherehe ya Krismasi ya ofisi miaka yote. Njia iliyobaki ni kuleta zako. Katikati ya mkutano wa bajeti, kwa Kiingereza, uso mkavu, sema kwamba mkono mmoja haulei mwana. Chumba kitanyamaza. Kalamu zitatoka. Bei ya hekima ya Kiafrika haijawahi kushuka London: kuna ule msemo wa kwenda haraka peke yako na kwenda mbali pamoja, unaotundikwa kwenye kuta za makampuni kama methali ya Kiafrika, na hakijajitokeza kijiji hata kimoja kudai kuwa ni chake. Hillary Clinton aliupa umaarufu mwingine wa aina hiyo, wa kijiji kulea mtoto, kwa kuufanya jina la kitabu mwaka 1996.

Ukiishiwa na methali za kweli, tunga. Mtie mamba, mtie mto, na mzee mmoja asiye na haraka. Usieleze maana. Na akitokea mtu baadaye, pale karibu na birika, kukuuliza methali hiyo ni ya kabila gani hasa, mwambie swali lake linavutia sana, na kwamba lazima aje kwenu siku moja mle chakula cha jioni mlizungumze.